Kibali cha Kumcheka Maiti

Mimi niliingia kwenye kamati ya utamaduni ya kata kwa ajili ya viti. Sina cha kuficha. Nakodisha viti vya plastiki, turubai na masufuria makubwa, kwenye harusi na kwenye misiba, na siku ile walipoitisha mkutano wa kuchagua wajumbe hapakuwa na pa kukaa mpaka nifike. Nikaviteremsha kwenye guta, nikavipanga, nikajifuta jasho. Nageuka, nasikia makofi. Kumbe nimechaguliwa mwakilishi wa akina mama! Nikamuuliza mtendaji wa kata kazi yenyewe ni ipi, akaniambia nisiwe na wasiwasi, kazi kubwa ni kuhudhuria. Na kuja na viti bure, lakini hilo hakulisema.

Halmashauri yenyewe sitaitaja. Pwani hii yote, tangu Kilwa mpaka Lindi, ukiijua moja umezijua zote: feni haizunguki, mhusika yuko kwenye kikao, na ukutani pameandikwa dira na dhamira. Halmashauri hiyo ilikuwa imepata Mpango wa Utamaduni wa Jamii. Nasema imepata, kama mtu anavyopata mafua, kwa maana kwetu hakuna aliyeuomba. Ulikuwa na jalada la rangi lenye picha ya mzee anacheka, na mzee mwenyewe hakuna aliyemjua. Ndani mlikuwa na maneno makubwa: kubaini, kuhuisha, kurasimisha, kuendeleza. Nilipolisikia hilo la kurasimisha nikajua kuna kitu kizuri kinakwenda kufa.

Walianza na kubaini. Akaja mtaalamu kutoka Dar, kashushwa na basi Nangurukuru, viatu vyake vimejaa vumbi na ana hasira navyo. Akasimama mbele yetu akauliza, "Utamaduni wenu ni upi?" kama mtu anayeuliza dukani sukari ipo. Watu wakatazamana. Mmoja akasema bao. Mwingine akasema sisi Waislamu, utamaduni wetu maulidi. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akazindukana, akasema, "Si utani?" Mtaalamu akaruka. Utani! Akaliandika neno kwa kalamu nene kwenye karatasi la ukutani, akalizungushia duara, na tangu saa hiyo hatukupumua.

Kwa asiyejua, na wasiojua ndio hao wataalamu, utani kwetu si mzaha wa kijiweni. Koo mbili zinataniana tangu kwa mababu. Mtani wako anakutukana mchana kweupe nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Anaingia bandani anakamata kuku wako, anamchinja, anakuita mle. Lakini kazi yake hasa iko msibani. Wenyewe mmefiwa, mmezama, hamjui hata chumvi iko wapi. Mtani ndiye anayekoka moto, anasugua masufuria, na katikati ya kilio anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, mpaka mfiwa anacheka na machozi yako shavuni. Jeneza likitoka nyumbani, analala njiani kulizuia mpaka apewe chochote, hata kanga kuukuu. Sheikh wetu hajawahi kuupenda mchezo huo, lakini hakuwahi kuukataza. Husimama pembeni, akatazama juu, akangoja uishe.

Mama yangu alikuwa na mtani wake mmoja. Walizaliwa wote Mitole, wakaolewa wote kata hii, wakazeeka nyumba zikiwa karibu hivi kwamba mmoja akikohoa mwenzie anamwambia ameze. Yule kwetu hakuwa na hodi wala shikamoo. Asubuhi anachungulia dirishani: "Hujafa tu?" Mama anamjibu yumo kitandani, "Nakungojea utangulie, njia ina miiba, ukaifagie." Mama aliwahi kuanguka kutoka kwenye mkorosho, nyonga ikamharibikia, akawa anatembea mkono kiunoni na kufyonza kila hatua ya pili. Mtani akamwita bata wa msimu. Mama akamwita mchawi asiye na ungo, asafiriye kwa mguu. Na walikuwa wameshaonyeshana, kila mmoja, atakavyomwigiza mwenzie siku yake ikifika. Nimewakuta ukumbini wanafanya mazoezi, wanawake wazima na wajukuu wao, wanacheka mpaka wanashikilia ukuta.

Basi halmashauri ikaandaa uzinduzi. Ukumbi, bango, kipaza sauti kinachopiga mluzi, maji ya chupa, na viti vyangu. Mgeni rasmi alichelewa, kama ada yao. Watu wamekaa mpaka wamesahau walichojia. Alipofika, afisa utamaduni akatangaza kwamba sasa jamii itaonesha utani wa msibani, akamwita mtani wa mama mbele.

Akauliza, "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni maonesho."

"Sasa nimwigize nani?"

"Yeyote tu."

Yeyote! Asiyejua maana haambiwi maana. Bibi akautazama ukumbi taratibu, akamchagua mwenye kiti chenye kitambaa. Akajifutika kanga tumboni, akaweka kiganja sikioni kama simu, akapita mbele yetu na tumbo limetangulia. "Halo, halo, nipo njiani, nakaribia," anasema, naye kasimama palepale. Akaangalia saa ambayo hana. "Ndugu zangu, nimechelewa na nina kikao kingine, lakini chakula nitakula." Jamani! Viti vyangu viwili vilivunjika siku ile kwa kicheko. Mgeni rasmi mwenyewe mwanzo alicheka, meno yote nje. Kisha bibi akamfunika ile kanga kichwani, akapiga magoti miguuni pake, akaanza kumlilia: "Umetuacha, baba! Nani sasa atatukatia utepe? Nani atatuahidi kisima?" Hapo kicheko cha mgeni kikakatika. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Akaivuta kanga kichwani, akainuka, na chakula kweli hakula.

Haukupita muda tukaletewa Mwongozo. Halmashauri nzima imekaa, watu wenye vyeti, wameandika Mwongozo wa Utani. Kwamba utani utafanywa na vikundi vilivyosajiliwa, vyenye sare. Kwamba maneno ya utani yatapitishwa kwanza na ofisi. Kwamba kuigiza marehemu ni udhalilishaji, marufuku. Kwamba kuzuia jeneza ni hatari kwa usalama, marufuku. Kwamba viongozi hawataniwi. Mimi nikanyoosha mkono kwenye kikao, nikauliza, "Utani ulioombewa kibali ni utani au ni hotuba?" Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, akasema hoja yangu imepokelewa. Kwetu hoja ikipokelewa ujue imeshazikwa.

Na kwa mtani wa mama hawakungoja kikao. Mtendaji alikwenda nyumbani kwake na mgambo. Mkwewe, mume wa binti yake, alikuwa na kibanda cha kukaanga chipsi pale stendi, kwenye kiwanja cha halmashauri, na nyumba nzima ile inakula hapo. Mtendaji akasema kwa upole, wanavyosema wao wakitaka kukunyonga, kwamba bibi akionekana tena akifanya ule udhalilishaji kwenye msiba wowote, suala la kibanda litaangaliwa upya. Litaangaliwa upya! Mwizi akikuvunjia nyumba angalau unamwita mwizi.

Kwa wakati huo mama alikuwa keshalala kwa ugonjwa. Tumbo. Tulimpeleka hospitali Lindi, wakamtazama, wakaturudisha naye nyumbani kwa maneno mazuri. Asubuhi moja nikasikia mtu mlangoni, "Hodi wenyewe." Nikajua ni mgeni. Natoka, ni mtani. Kavaa buibui, kaingia pole pole, kakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mama mkono akasema, "Unaendeleaje, dada?"

Mama akamkodolea macho, kisha akanigeukia mimi. "Kumbe nimeshakufa," akasema, "na hamkuniambia."

Ndipo bibi akatusimulia habari ya mtendaji na kibanda. Hakucheka hata mara moja. Bibi alipoondoka nikabaki namkanda mama miguu. Halafu akaniambia kwamba hataki karamu, hataki turubai jipya, hataki nimletee watu wa kwaya wala kaswida. "Nataka mtani wangu afanye kazi yake. Nyumba hii nikitoka kimya kimya nitakuwa nimetoka kama mtu aliyeokotwa barabarani. Umenisikia?" Nikamwambia nimekusikia, mama. Nitafanyaje, mimi mwenye viti?

Nilikwenda kwa mtendaji kumwomba. Nilimwamkia shikamoo mtoto yule, na mimi ndiye wa kuamkiwa, sababu ya shida. Akanijibu marahaba, wallahi, bila kupepesa macho. Akasema anaelewa, lakini mwongozo ni mwongozo, ila nisihofu, siku ikifika halmashauri itanisaidia kama mjumbe. Nikatoka nimevimba. Nilikuwa sijui kwamba msaada wenyewe utakuwa mbaya kuliko kunyimwa.

Mama alikufa asubuhi, baada ya uji. Msikiti ukatangaza, watu wakaanza kuingia, na mimi nikapanga viti vyangu uani kwangu kwa msiba wangu. Mtani naye alikuja. Akakaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, mkono shavuni. Hakukoka moto wala hakusugua chochote. Wanawake wakawa wanamtazama, kisha wananitazama mimi. Hata kilio hakikukolea. Watu walilia kwa aibu, kidogo kidogo, kama wanaobana kikohozi.

Mara gari. Mtendaji huyo, na nyuma ya gari vijana wamesimama, fulana za manjano, mgongoni pameandikwa WATANI RASMI. Wallahi sitanii! Na mpiga picha juu. Mtendaji akanipa mkono wa pole, akaninong'oneza, "Tumekuletea kikundi. Ndio utekelezaji wa kwanza wa Mpango, uwe na fahari." Kiongozi wao akapanda kwenye kiti changu, akatoa simu mfukoni akaanza kusoma. "Marehemu alikuwa anapenda kula! Si uongo?" Wenzake wakaitikia, "Si uongo!" Mama yangu ambaye kwa miezi alikuwa anamalizia kijiko cha uji kwa kubembelezwa. "Leo na sisi tutakula ubwabwa!" Shangazi yangu akasema, "Mkale kwenu." Wakapigiana makofi wenyewe. Yule mpiga picha akaja mbele ya mkeka, akachuchumaa, akaniambia, "Mama, cheka kidogo basi." Picha hiyo imo kwenye taarifa ya utekelezaji mpaka leo. Humo nimekaza macho ya kuweza kumtoboa mtu, na chini pameandikwa "wanajamii wakifurahia utani."

Huku ndani mama ameoshwa, amekafiniwa. Jeneza likaletwa. Wanaume wakaingia, nikasikia la ilaha illallah zinaanzia chumbani. Likishapita pale langoni basi. Sisi wanawake tunabaki, mama anakwenda, na lile alilolitaka limekwenda naye. Nikamtazama mtani. Bado mkono shavuni.

Sijui nilisimamaje. Nilijikuta nimesimama mbele yake, nywele wazi, nampigia kelele. "Wewe kizee! Umekula kuku wetu umemaliza banda, leo umekaa hapo kama kuku mwenye kideri? Huna hata haya? Inuka ulipe!" Watu wakaguna. Mfiwa hamwanzi mtani, kawaida ni yeye anayekuanza. Bibi hakusogea. Nikamwongeza, na mengine siwezi kuyaandika. Mtendaji akasogea, akasema, "Mama, tafadhali, punguza jazba." Bibi akamtazama mtendaji. Halafu akatazama upande wa wanaume, kwa mkwewe, ambaye alikuwa ameshika mguu mmoja wa jeneza, ndio wanatoka mlangoni.

Mkwewe alikuwa kijana mkimya, hamtazami mama mkwe usoni, adabu zao. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama, chipsi hata barabarani zinakaangika."

Kibanda chenyewe leo hakipo. Kiliangaliwa upya wiki ileile, na pale kiliposimama pana bango la Mpango lenye picha ya yule mzee anayecheka. Kijana anakaangia chini ya jua, na walaji wamemfuata hukohuko. Lakini wakati ule hakujua kama watamfuata, na alisema.

Bibi akainuka. Akaingia ndani akapishana na jeneza mlangoni, akatoka amejifunga kanga ya mama ile ya kahawia, na mkono kiunoni. Hatua moja, ya pili, akafyonza. Ebo! Uani pote pakapigwa na kitu. Alikuwa ni mama. Nyonga ileile, shingo ileile ya kutafuta kosa. Akapita kwenye viti vyangu, akakishika kimoja akakitikisa, akanigeukia. "Wewe mtoto, kiti hiki kimeteguka mguu tangu mfungo. Unamkalisha nani, adui yako? Na yule shangazi yako mpe maji, kalia bila machozi tangu asubuhi, anajichosha koo." Nikacheka. Nililia na kucheka pamoja, sikujua kipi ni kipi, na shangazi alicheka mpaka akajilaza kwenye mkeka. Wakacheka na wale waliobeba jeneza, likawa linatikisika. Waliocheka zaidi ni wale vijana wa fulana za manjano. Kiongozi wao alikaa chini mchangani, simu imemwanguka. Nao walikuwa wana wa watu, walikuwa hawajawahi kuuona.

Kisha bibi akalala chini, kifudifudi, langoni. Wanaume wakasimama na jeneza mabegani. Sheikh akatazama juu. Mtendaji akaanza, "Bibi, mwongozo unasema..." na hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Kaka yangu akatoa kanga mpya, akamwekea mgongoni. Bibi akaitupa pembeni. Tukamletea kuku, akamsukuma. Watu wakawa bado wanacheka, wanangoja kituko.

"Sasa unataka nini, mtani?" kaka akamuuliza.

"Nataka anijibu."

Kicheko kikapungua.

"Nimemtukana tangu niinuke pale," akasema, mdomo uko mchangani. "Nimemwigiza mguu, nimemwigiza shingo. Hajanijibu. Hajawahi kuninyamazia huyu, tangu tungali wasichana hajawahi. Mwambieni anijibu, nimpishe."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mpiga picha alishusha mashine yake. Bibi hakuwa anaigiza, mikono imekamata mchanga. Hiyo haijaandikwa kwenye mwongozo wa mtu yeyote, wala sisi wenyewe tulikuwa hatuijui. Jua lilikuwa kali na wanaume wanahema chini ya mzigo. Kaka yangu alinitazama.

Nikapiga magoti mchangani pale, karibu na sikio lake. Sauti yangu ilikuwa mbovu, nikafyonza kwanza kama mama. "Inuka, mzee usiye na haya," nikasema. "Huoni unanipiga jua? Umekuwa hivyohivyo maisha yako yote, kuchelewesha wenzio. Inuka, mimi nina safari."

Akainua uso, umejaa mchanga na kamasi. Akanitazama sana.

"Sauti si yake," akasema.

"Ndiyo iliyobaki."

Akajivuta, akakaa, akasogea kando. Wanaume wakakaza mabega, na mama akapita.